Bure si Huru: Historia Fupi ya Gazeti la Kila Alhamisi

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza darasani kama programu huria ni zile programu zisizolipiwa. Nilimjibu kwa neno moja, hapana, tukaendelea na ngeli. Baadaye niliona kwamba nimemwonea, kwani swali lake ni zito na limewasumbua wataalamu wa kompyuta kwa muda mrefu kabla halijafika kwenye somo letu la istilahi. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile. Nimelipitisha katika historia ya gazeti moja la mtandaoni liitwalo LWN, ambalo wenye kufuatilia mambo ya Linux wanalifahamu sana, lakini sisi walimu wa lugha hatulijui kabisa.

Tuanze na neno lenyewe. Mwaka 1983 Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT nchini Marekani, alitangaza mradi wa GNU, yaani kutunga mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Neno la Kiingereza alilolichagua lilikuwa na maana mbili zilizofungwa pamoja: kisicho na malipo na kisicho na minyororo. Miaka nenda miaka rudi ilimbidi aeleze kwamba anazungumzia uhuru, wala si bei. Kiswahili hakina shida hiyo. Tuna "bure" na tuna "huru", na hata mtoto wa darasa la tatu hawezi kuyachanganya. Mimi huona hapa tumewazidi Waingereza, ingawa ni mara chache tunajisifia jambo hilo.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo wa Linux. Watu wakajitokeza kutoka kila pembe kukirekebisha na kukikuza. Kisha tarehe 22 Januari 1998 kampuni ya Netscape ikatangaza kwamba itatoa hadharani msimbo wa programu yake ya kuvinjari intaneti. Siku chache baadaye, tarehe 3 Februari, kikundi cha watu kilikutana Palo Alto, California, kutafuta jina ambalo wafanyabiashara wangelipokea bila kuogopa. Christine Peterson ndiye aliyetoa jina jipya, lenye maana ya chanzo kilicho wazi. Stallman hakulikubali, na hadi leo halikubali, kwani kwake neno "wazi" limeacha nje uhuru aliokuwa akiupigania. Sisi tukaja na "huria", neno ambalo tayari tulikuwa nalo katika "soko huria", na likameza pande zote mbili za ugomvi huo bila kelele.

Siku ile ile ya tangazo la Netscape, ambayo ilikuwa Alhamisi, lilitoka toleo la kwanza la LWN. Waanzilishi walikuwa Jonathan Corbet na Elizabeth Coolbaugh, wa jimbo la Colorado. Nia yao ya awali haikuwa uandishi wa habari. Walikuwa na kampuni ndogo ya ushauri wa kompyuta, na gazeti lilikusudiwa kuwa njia ya kujulikana kwa wateja. Kilichotokea ni kwamba wasomaji walikuja na wateja wakakawia, mpaka gazeti lenyewe likawa ndiyo kazi.

Na kazi yenyewe ilikuwa nini? Watunzi wa Linux hawakuwa na ofisi wala mwajiri mmoja. Walijadiliana kwa barua pepe, mamia ya ujumbe kwa siku, na mtu wa kawaida asingeweza kuzisoma zote. LWN ilizisoma, ikachuja, ikaeleza nani anabishana na nani na kwa sababu gani. Kwa hiyo jumuiya ikapata mwandishi wake wa kumbukumbu. Anayetaka leo kuandika historia ya miaka ile hana budi kupita hapo, kama vile mtu wa historia ya pwani asivyoweza kuruka tarehe za miji.

Lakini barua pepe peke yake haikutosha, na hapo ndipo makongamano yanapoingia. Machi 1999 yalifanyika maonyesho ya kwanza ya LinuxWorld huko San Jose. Fikiria Sabasaba ya Dar es Salaam, ila mabanda ni ya kompyuta. Makampuni makubwa kama IBM, ambayo miaka michache nyuma yasingeitaja Linux, yalikuwa na mengi ya kusema. Agosti mwaka huo, juma lile lile la maonyesho ya pili, Red Hat iliuza hisa zake sokoni kwa mara ya kwanza. Zilianza kwa dola 14 zikafunga siku kwa dola 52. Red Hat ilikuwa imewaandikia baadhi ya watunzi wa programu ikiwapa nafasi ya kununua hisa kwa bei ya mwanzo, kama shukrani. Wengine walikataliwa na wakala wa hisa kwa kuwa hawakuwa na mali wala uzoefu wa kutosha. Waliojenga nyumba wakazuiwa mlangoni! Tarehe 9 Desemba 1999 kampuni ya VA Linux ikavunja rekodi: hisa ya dola 30 ilifunga siku kwa dola 239 na senti 25.

Tovuti nazo zikauzwa. Slashdot, iliyoanzishwa mwaka 1997 na Rob Malda, mwanafunzi wa chuo huko Michigan, ilinunuliwa mwaka 1999, na mwaka uliofuata mnunuzi wake akamezwa na VA Linux. LWN nayo ilichukuliwa na kampuni ya Tucows mwaka 2000. Siwalaumu. Mtu aliyefanya kazi usiku na mchana bila mshahara wa uhakika akiletewa fedha mezani, asipokee?

Povu likapasuka. Kufikia mwaka 2002 hisa za VA Linux zilikuwa zikiuzwa kwa dola chache tu. Matangazo ya biashara yalikauka, na LWN ikaachana na Tucows ikabaki peke yake. Julai 2002 wahariri waliwatangazia wasomaji kwamba fedha zimekwisha na toleo la wiki inayofuata lingekuwa la mwisho.

Jambo lililofuata hawakulitarajia. Wasomaji walianza kutuma michango bila kuombwa, maelfu ya dola katika siku chache, na wengi wakiandika kwamba wako tayari kulipia. Oktoba mwaka huo gazeti likaanzisha ada. Anayelipa husoma toleo jipya siku linapotoka. Asiyelipa husubiri takriban wiki moja, kisha makala yale yale hufunguliwa kwa wote. Mpango huo unaendelea mpaka sasa.

Tangu hapo naona uandishi wao uligeukia zaidi mikutano midogo ya mafundi kuliko mabanda ya wauzaji. Kulikuwa na kongamano la Ottawa, Kanada, lililoanza mwaka 1999. Kulikuwa na lile la Australia, ambalo mkutano wake wa kwanza, Melbourne mwaka 1999, Rusty Russell aliugharamia kwa kadi yake mwenyewe ya benki. Kulikuwa pia na mkutano wa mwaliko wa watunzi wa kiini, ulioanza mwaka 2001, ambamo wachache waliingia na Corbet akawaandikia walio nje. Ripoti hizo ndizo ninazozipenda zaidi. Humo unaona watu waliotukanana kwa barua pepe mwaka mzima wakikaa meza moja na kukubaliana katika nusu saa.

Mwaka 2007 Corbet alifanya hesabu ya nani hasa aliandika toleo la kiini namba 2.6.20. Dhana ya wengi ilikuwa kwamba ni vijana wa kujitolea. Hesabu ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya msimbo ulitoka kwa watu walioajiriwa na makampuni. Programu ilibaki huru, ila jasho lake lilikuwa likilipwa. Hata nauli za waandishi wa LWN kwenda makongamanoni zimekuwa zikisaidiwa na Linux Foundation, taasisi inayoungwa mkono na makampuni hayo hayo, na gazeti hulitamka hilo waziwazi mwishoni mwa ripoti. Msomaji ataamua mwenyewe kama kutamka kunatosha. Kwangu kunatosha nusu.

Upande wetu wa dunia haukukaa kimya. Mwaka 2004 walimu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na kabla ya kutafsiri walianza kwa kutayarisha faharasa ya istilahi. Ruhusa ya kuitafsiri hawakuhitaji kuiomba popote, kwa kuwa leseni ilikwisha kuitoa. Mwaka huo huo kongamano la Afrika la programu huria, Idlelo, lilianza Cape Town, na Februari 2006 likafanyika Nairobi.

LinuxWorld ilibadilishwa jina mwaka 2009 ikawa OpenSource World, na huo ndio ukawa mwaka wake wa mwisho. LWN bado inatoka kila Alhamisi. Nilimwonyesha mwanafunzi wangu toleo moja lililofungwa, na lingine la wiki zilizotangulia lililofunguliwa. Alitazama kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo, Mwalimu, hili la zamani ni huru au ni bure?" Nimempa kazi hiyo aiandikie insha.