Kutafuta na Kubadilisha Maneno: Semi za Ruwaza na Maandishi ya Kiswahili, kwa Mifano ya Huruma, Eldoret

1. Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza historia ya semi za ruwaza, yaani fomula fupi zinazoiwezesha kompyuta kutafuta maneno katika maandishi na kuyabadilisha, na kuonyesha uhusiano wake na Kiswahili. Mifano mikuu imetolewa katika Huruma, mtaa wa Eldoret, kwa kuwa jina la mtaa huo na majina yanayopatikana katika eneo hilo yanadhihirisha tatizo lenyewe. Hoja inayotetewa ni kwamba kutafuta neno na kulibadilisha ni kazi mbili tofauti: ya kwanza yafaa iwe pana, ya pili haina budi kuwa finyu.

2. Kazi hii kabla ya kompyuta

Juhudi za kusawazisha maandishi zilitangulia mashine. Katika karne ya 19, Krapf aliliandika jina la lugha hii Kisuaheli, na tahajia za wamisionari zilihitilafiana kwa mengi. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa. Miswada ya vitabu vya shule ilipitiwa na Kamati hiyo na kusahihishwa. Kazi hiyo ilikuwa ya polepole, lakini ilikuwa na faida moja kubwa: msahihishaji alielewa maana ya neno kabla ya kuligusa.

Eldoret nayo iliwahi kuandikwa kwa namna mbalimbali. Ofisi ya posta ilifunguliwa mwaka 1910 katika shamba namba 64, na mahali hapo pakaitwa kwa namba hiyo, ambayo wenyeji waliitamka Sisibo. Jina Eldoret lilianza kutumika rasmi mwaka 1912. Kwa hiyo anayetafuta habari za mji huo katika maandishi ya zamani hana budi kutafuta maumbo kadhaa kwa pamoja.

3. Chimbuko la semi za ruwaza

Mwaka 1943, Warren McCulloch na Walter Pitts walieleza kihisabati jinsi mitandao ya neva inavyoweza kufanya kazi. Mwaka 1951 Stephen Kleene, mwanahisabati wa Marekani, aliichunguza mitandao hiyo, na katika makala iliyochapwa 1956 akaeleza kwa alama mifuatano ambayo mitandao ya namna hiyo inaweza kuitambua. Alama ya nyota, yenye maana ya kurudiwa mara yoyote ile, hata kutokuwapo kabisa, imetokana na kazi yake.

Wazo hilo la nadharia liligeuzwa kuwa chombo na Ken Thompson, ambaye mwaka 1968 alichapisha njia ya kuifanya kompyuta itafute maandishi kwa semi hizo. Alizitia pia katika programu za kuhariri, mojawapo ikiwa ed. Kutokana na amri moja ya ed ikazaliwa grep, programu ya kutafuta tu. Baadaye Lee McMahon akaunda sed, inayobadilisha maandishi mstari kwa mstari. Mwaka 1987 Larry Wall alitoa lugha ya Perl, na matumizi ya semi hizo yakaenea zaidi.

4. Muundo wa neno la Kiswahili

Neno la Kiingereza hubadilika zaidi mwishoni. La Kiswahili hubadilika mwanzoni, katikati na mwishoni. Kwa nomino mambo ni mepesi: (ki|vi)tabu hupata kitabu na vitabu, kwani mstari wa wima una maana ya “au”. Vitenzi ni vigumu zaidi. Anayetafuta soma atapata anasoma na hawakusoma, atakosa tulimsomea, na ataletewa pia Msomali, ambaye hahusiki hata kidogo.

Kwa sababu hiyo wataalamu walihitaji zaidi ya ruwaza za herufi. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alitoa nadharia ya mofolojia ya viwango viwili, inayotumia mashine za aina ileile iliyotokana na fikra za Kleene. Kuanzia 1985 Arvi Hurskainen aliitumia kwa Kiswahili, na mwaka 1992 akachapisha maelezo ya programu inayotenga viambishi na mizizi. Hapo kompyuta ilianza kukikaribia kile alichokijua msahihishaji wa Kamati.

5. Mifano ya Huruma

Huruma ni jina la mtaa na pia ni nomino ya kawaida. Mhariri akiamuru kila huruma igeuzwe kuwa rehema, bila kujali herufi kubwa, mtaa utapoteza jina lake. Hata herufi kubwa haitoshi, kwa kuwa neno lolote laweza kuanza sentensi. Tena kuna wadi ya Huruma katika eneo bunge la Turbo, Eldoret, na nyingine katika eneo bunge la Mathare, Nairobi. Ni muktadha tu unaoweza kuzitenganisha.

Majina ya watu yana hatari kubwa zaidi. Jina la Kikalenjin Lang'at huandikwa pia Langat. Ruwaza [A-Za-z]+, inayotambua herufi za Kiingereza tu, hulikata Lang'at vipande viwili: Lang na at. Ritifaa yenyewe huchapwa kwa alama iliyonyooka au iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Ruwaza Lang['’]?at huyapata maumbo yote matatu, kwani alama ya kuuliza huruhusu ritifaa iwepo au isiwepo.

Hata hivyo, kuyapata yote si ruhusa ya kuyageuza yote kuwa moja. Mwenye jina lililoandikwa kwa ritifaa katika kitambulisho, na bila ritifaa katika orodha ya shule au ya hospitali, aweza kuhesabiwa kuwa watu wawili. Orodha ikisawazishwa bila yeye kuulizwa, jina lake halitalingana tena na hati aliyo nayo mkononi.

6. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba semi za ruwaza zimeipa kazi ya kale ya usahihishaji kasi ambayo Kamati ya 1930 haikuwa nayo, lakini hazikuipa maana. Kwa hiyo ruwaza ya kutafuta na ipanuliwe ili lisiachwe umbo lolote. Ruwaza ya kubadilisha ifungwe kwa muktadha, ijaribiwe kwenye nakala, na matokeo yake yasomwe na mtu anayeijua lugha. Majina ya watu yaunganishwe kwa rejeo, bila kufuta tahajia ambayo mwenyewe ameichagua.