Hatua, Ngazi na Kipindi: Istilahi za Ukuaji wa Maadili

Tunapoandika saikolojia kwa Kiswahili, neno hatua tunalitwisha mizigo miwili isiyofanana. Tunataja hatua sita za Lawrence Kohlberg na hatua nane za Erik Erikson, na msomaji hudhani wote wawili wanaeleza kitu kimoja kwa hesabu tofauti. Sivyo.

Mzizi wa Kohlberg ni Jean Piaget, Mswisi aliyechapisha mwaka 1932 utafiti wake kuhusu maadili ya mtoto. Piaget aliwatazama watoto wakicheza gololi, akawauliza sheria za mchezo zimetoka wapi na kama zinaweza kubadilishwa. Wadogo waliziona kama amri ya wakubwa isiyoguswa. Waliowazidi umri walijua kuwa wachezaji wakikubaliana, sheria hubadilika. Kwa Piaget, hatua ni namna nzima ya kufikiri. Mtoto hapandishi maarifa mapya juu ya ya zamani tu, bali huyapanga upya yote, na ya pili haiji kabla ya ya kwanza.

Kohlberg aliliendeleza wazo hilo katika tasnifu yake ya mwaka 1958, Chuo Kikuu cha Chicago. Aliwasimulia wavulana visa vyenye mtanziko. Kinachojulikana zaidi ni cha Heinz: mkewe anakufa kwa saratani, mfamasia anauza dawa kwa mara kumi ya gharama yake, na mume, aliyekopa kila mahali akapata nusu tu ya bei, anavunja duka na kuiba. Je, alifanya sawa? Ndiyo au hapana haikumshughulisha Kohlberg, alipima sababu. Anayehofia kifungo yuko chini. Anayesema mume mwema angefanya vivyo hivyo yuko hatua ya tatu, na anayesema nchi haiendi bila sheria yuko ya nne. Anayeipima sheria yenyewe kwa haki ya kuishi yuko juu zaidi. Hatua hizo sita zimo mbili mbili ndani ya ngazi tatu: kabla ya kaida, kaida, na kupita kaida. Nachagua kupita badala ya baada, kwa sababu baada humfanya msomaji afikiri kaida zimetupwa, ilhali Kohlberg alimaanisha mtu anayezielewa vizuri kiasi cha kuweza kuzihukumu.

Erikson ni habari nyingine. Katika kitabu chake cha 1950 alieleza mivutano minane, kuanzia mtoto mchanga anayejifunza kuamini au kutoamini, hadi mzee anayeyatazama maisha yake kwa utulivu au kwa kukata tamaa. Hapa umri wenyewe na matarajio ya jamii humfikisha mtu kwenye mvutano unaofuata, awe ameutatua uliotangulia au la. Kwa Kohlberg mtu aweza kuzeeka akiwa bado hatua ya tatu. Kwa Erikson uzee haumsubiri mtu akamilishe ujana. Ndiyo maana kwa Erikson istilahi sahihi ni kipindi, na hatua ibaki kwa Piaget na Kohlberg. Awamu tuwaachie wenye miradi na serikali.

Hatua ya tatu ndiyo inayonikera zaidi, kwa jina lake. Kohlberg aliipa sifa ya mvulana mwema na msichana mzuri, na tukiitafsiri hivyo tunaifanya ya kitoto. Mwaka 1982 Carol Gilligan alipinga kipimo kilichojengwa juu ya majibu ya wavulana, kisha kikawashusha hadi hatua hiyo wanawake wanaofikiri kwa kujali uhusiano. Mwaka mmoja kabla yake, Sara Harkness, Carolyn Edwards na Charles Super walichapisha utafiti wao miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya. Waliwahoji wazee wanaotegemewa kusuluhisha ugomvi kijijini, wakawalinganisha na wanaume wengine wa hapo. Wasuluhishi walipata alama za juu zaidi, lakini fikra zao ziliegemea hatua hiyohiyo ya tatu. Edwards alikwisha kueleza sababu: palipo na watu wanaofahamiana uso kwa uso, kesi humalizwa kwa kurudisha mapatano, na hatua ya nne hudai uzoefu wa mahakama, ofisi na dola.

Mzee anayewakalisha ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba, akawasikiliza mpaka wakapeana mkono, hatuwezi kumwita mvulana mwema. Kohlberg mwenyewe baadaye aliieleza hatua hiyo kwa matarajio ya watu wanaohusiana. Kwa Kiswahili iitwe hatua ya maelewano.