Kabla Utie Shift Kit Kwa Gari ya Mzee, Sikia Hii Historia

Wasee, mwaka jana nilimshauri anko wangu vibaya. Ana Jaguar XJ-S ya 1979, ile ya V12, ambayo hulala chini ya turubai Buruburu kuliko inavyotembea. Ilikuwa ikitoka gia ya kwanza kuingia ya pili, injini inanguruma kwanza, halafu ndiyo gari inakumbuka kusonga. Mimi na elimu yangu ya video nikamwambia, "Anko, agiza Shift Kit. Gia zitaingia chap." Akaniamini, akatoa pesa. Leo nataka kueleza kwa nini nilikosea, na lazima tuanzie Detroit.

Kwanza, hiyo gari ya Mwingereza ina giaboksi ya Mmarekani. Kuanzia 1977 Jaguar za V12 za otomatiki zilifungwa Turbo Hydra-Matic 400 ya General Motors. Hata Rolls-Royce Silver Shadow iliitumia. Kwa hivyo shida ya Anko ina mizizi Michigan.

General Motors walitoa Hydra-Matic ya kwanza mwishoni mwa 1939, kwa Oldsmobile za mwaka wa 1940. Timu iliongozwa na Earl Thompson, jamaa yule yule aliyebuni sinkromeshi, kile kitu kinachofanya gia za mkono ziingie bila kusaga meno. Hydra-Matic ilikuwa na gia 4 na hakuna pedali ya klachi. Vita vikaja, na kifaru chepesi cha M5 kikapewa injini 2 za Cadillac na Hydra-Matic 2. Baada ya hapo nani angesema otomatiki ni ya wanyonge?

Lakini Hydra-Matic ilikuwa na tabia moja: ukibadilisha gia unaisikia mgongoni. Mteja aliyenunua gari kubwa ili akae kama yuko sebuleni hakupenda. Ndiyo Buick wakaja na Dynaflow mwaka wa 1948. Ukiiweka kwa D, haibadilishi gia yenyewe kabisa. Konveta ya mafuta ndiyo inafanya kazi. Laini kama uji wa asubuhi, na nzito kuondoka vile vile. Watu wakaibatiza Dynaslush.

Halafu tarehe 12 Agosti 1953, kiwanda cha Hydra-Matic pale Livonia kikaungua. Kwa muda, Cadillac na Oldsmobile kadhaa zikatoka zimefungwa Dynaflow ya Buick. Nadhani huu moto unaonyesha kitu: ndani ya kampuni moja kulikuwa na mawazo mawili, gia inayoshika na gia isiyosikika. Turbo Hydra-Matic 400 ya 1964 ndiyo ilikuja kuyaoanisha: konveta, gia 3, na mwili wenye nguvu sana.

Sasa tuingie ndani. Mle kuna klachi zimepangwa kama chapo kwa sahani, moja juu ya nyingine, zimelowa mafuta. Gia ya pili ikitaka kuingia, mafuta yanasukuma pistoni na pistoni inabana hizo chapo. Kuna pia chumba kidogo chenye springi kinachomeza sehemu ya mafuta ili ubanaji uje polepole. Kwa ule muda mfupi klachi zinateleza kabla ya kushikana. Huo utelezi ndio ule ulaini mteja alilipia. Lakini utelezi ni joto, na joto ndilo hula klachi. Kiwanda kilijua, kikachagua starehe, na kwa gari ya kwenda kanisani hesabu ilikubali.

Vijana wa mbio za robo maili hawakukubali. California, Bob Spar na Mort Schuman walianzisha B&M mwaka wa 1953, wakiimarisha otomatiki za mbio. Baadaye Gil Younger wa TransGo akachukua wazo hilo akalifanya pakiti ambayo fundi yeyote angeweza kufunga. Shift Kit ni jina la biashara la TransGo, lakini limetumika hadi kila pakiti inaitwa hivyo, kama vile kwetu kila majarini ni Blue Band.

Ukifungua pakiti unaweza kudhani umeibiwa. Springi chache, gasketi, vigololi, pengine bamba lenye matundu au keekee ya kupanua matundu ya bamba lako. Kazi yake ni moja: kufanya mafuta yafike haraka na kwa nguvu zaidi. Seti nyingi zina viwango. Cha chini kinashika kidogo kuliko kiwanda, ni cha barabarani. Cha juu ni cha mbio, na kila gia ni teke. Ukiwa na gari ya kupeleka mamako sokoni, usijidanganye.

Mimi nilitaka teke. Bahati nzuri fundi alikataa kufunga chochote kabla ya kushusha sampo. Mafuta yalitoka meusi, yananuka kama maharagwe yaliyoungua, na chini kulikuwa na unga wa klachi. Akamwangalia Anko, hakuniangalia mimi: "Mzee, klachi za gia ya pili zimeisha. Hii seti haiwezi kurudisha nyama iliyoliwa."

Hapo ndipo niliona aibu. Pesa ya klachi ilikuwa imeshakuwa pakiti mezani. Gari ikakaa hadi Aprili Anko alipojipanga tena.

Kazi ilipofanyika nilikuwa msaidizi. Fundi aliosha meza kama anataka kulia chakula. Hakuna kitambaa cha kutoa nyuzi, kwa sababu uzi mmoja unaweza kukwamisha vali. Kila bolti ilichomekwa kwa katoni kulingana na mahali ilipotoka. Vigololi vilishikiliwa na Vaseline visidondoke, kila kimoja mahali maelezo yalisema. Bolti zikakazwa kwa spana ya kupima, si kwa hasira. Akakagua pia paipu ya vakyumu inayoenda kwa modyuleta, maana ikivuja gia huingia kwa kishindo na unaanza kulaumu seti. Filta mpya, mafuta mapya, kisha kipimo kikasomwa injini ikiwa moto inanguruma. Kiwango? Cha chini. Anko ndiye alichagua, na safari hii nilinyamaza.

Sasa gia ya pili inaingia, unaisikia kidogo tu, kama mtu amekugusa bega.

Maoni yangu: Shift Kit ilibuniwa kulinda giaboksi nzima, haikubuniwa kufufua iliyokufa. Gia laini si lazima iwe nzima, na gia yenye teke si lazima iwe na nguvu. Shusha sampo kwanza, nusa mafuta, ndiyo ufungue pochi. Na kama pochi ni ya mtu mwingine, fikiria mara mbili kabla hujafungua mdomo.

Nani hapa ashawahi kushauri mzee vibaya kuhusu gari? Kuja tuungame pamoja.