Oksidi Itulizayo, Oksidi Itibuayo

Kabla ya maabara kutuletea oksidi, Kiswahili kilikuwa na kutu. Chuma kilishika kutu, jembe likaliwa na kutu, na katika kitenzi hicho cha kula mlikuwa na nusu ya kemia yenyewe. Kutu ibaki kwa chuma. Kwa zinki, titani na seriamu, tuandike oksidi wala si oksaidi, kwa kuwa oksidi hupokea viambishi vyetu bila kukwama: oksidisha, oksidika, uoksidishaji. Na ziwe oksidi za metali, si za madini. Chumvi nayo ni madini.

Na vipande vya oksidi hizo vyenye ukubwa wa nanomita tuviiteje? Wengi huandika chembechembe nano. Chembe ni neno tamu, lakini chembechembe zimekwisha kuwa za damu. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hivi. Oksidi ya nanomita 7 ni ndogo kuliko hiyo mara 1,000 kwa upana. Vitu vilivyoachana hivyo visigombanie jina. Nachagua punjenano. Punje ni ngumu na huhesabika, na ndivyo zilivyo oksidi hizi.

Radikali tuiache radikali. Wako walioifasiri kuwa itikadi kali, ilhali itikadi ni imani ya mtu, na hapa tunazungumzia molekuli yenye elektroni isiyo na mwenziwe.

Sasa tufike penye uzito. Makala za afya hupenda kuviita vizuia uoksidishaji viondoa sumu. Hapana. Kuondoa sumu ni kazi ya ini na figo, na oksijeni tunayoivuta si sumu. Kinachofanyika ni kuzituliza radikali kabla hazijapora elektroni za jirani. Kitenzi ndicho hicho: tuliza. Na kinyume chake Kiswahili kinacho tayari: tibua. Maji hutibuka, nyongo hutibuliwa, na punjenano za oksidi ya titani zikipigwa na mwanga wa urujuanimno huzaa radikali na kuitibua seli. Kuchochea nisingekutumia, maana kichocheo kina wenyewe katika kemia.

Lakini je, tuseme kitulizaoksidi na kitibuaoksidi? Hapa nasita. Kiambishi ki- hukifunga kitu kwenye kazi moja: kizibo huziba, kifuniko hufunika. Oksidi ya seriamu haifungiki hivyo. Atomi za seriamu zilizo juu yake hubadilika kati ya chaji ya +3 na +4, zikitoa elektroni na kuzipokea tena. Katika mazingira yasiyo na asidi huivunja peroksidi ya hidrojeni, na hapo inatuliza. Penye asidi, uwezo huo hufifia, peroksidi hulundikana, na punje ileile inatibua. Ndiyo maana watafiti wa saratani huifuatilia, kwani uvimbe wa saratani huwa na asidi zaidi kuliko nyama iliyo nzima.

Basi tutumie u-, kiambishi cha hali na tabia: utulizaoksidi, utibuaoksidi. Tuseme punjenano hii ina utulizaoksidi hapa na utibuaoksidi pale, nalo jina litakuwa limesema kweli.

Wewe mhariri, nawe mwalimu wa kemia, yajaribu maneno haya katika sentensi zako. Ukipata vitenzi vinavyozidi tuliza na tibua, vilete tuvipime. Ila usipokee jina linaloipa punje hii tabia moja tu.