Shosho wa Njaa ya Mihogo

Kitambulisho cha shosho wangu kilisema alizaliwa 1945. Mwenyewe hakukubali hata siku moja. Mamake alimwambia alizaliwa wakati wa Njaa ya Mihogo, ambayo Wakikuyu huiita Ng'aragu ya Mianga, kabla mvua ya njahi haijanyesha. Mimi nayaamini maneno hayo kuliko kadi, kwa sababu yanapimika.

Mvua za vuli za 1942 zilikosekana Kenya ya kati. Mahindi yakaadimika, vita vya dunia navyo vikiwa vimepamba moto, na mwaka uliofuata unga wa mihogo ndio uliowavusha wengi. Mvua ya njahi, yaani ya masika, huanza katikati ya Machi. Basi shosho alizaliwa mapema 1943. Kosa la kadi nalo lina maelezo: uandikishaji wa lazima wa vizazi ulienezwa hatua kwa hatua tangu 1963, ukafika nchi nzima 1971, na wanawake hawakuanza kupewa vitambulisho hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Alifika mbele ya karani akiwa mama wa watoto kadhaa, akakadiriwa kwa macho.

Mtaa wa Umoja, Nairobi, ulijengwa miaka hiyohiyo ya 1970 kwa fedha za Marekani. Shosho alihamia huku na kalenda yake. Wajukuu waliozaliwa 1984 walikuwa wa ukame wa mahindi ya njano, na wa mwishoni mwa 1997 wakawa wa mvua za El Niño. Hakukosea hata mmoja.

Alifariki Aprili 2024 ikielekea ukingoni, mvua ikimwagika usiku na mchana. Alfajiri ya tarehe 29 maji yalifagia vijiji karibu na Mai Mahiu, makumi ya watu wakafa. Shule zilizopaswa kufunguliwa siku hiyo zilibaki zimefungwa. Sisi tulikuwa tukiuliza kila asubuhi kama barabara ya Murang'a inapitika, tupate kumzika kwao huko. Kwenye tanzia tuliandika 1943.

Wewe uliye na mzee nyumbani, usimwulize mwaka. Muulize walikula nini, mvua ilikuwaje, shambani kulikuwa na nini. Kisha linganisha majibu na taarifa za wilaya zilizo katika Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, na rekodi za mvua za Idara ya Hali ya Anga pale Dagoretti Corner. Fanya hivyo mwaka huu, maana waliozaliwa Njaa ya Mihogo wamepita miaka 80.