Ngozi ya Waya

Msomaji wangu, ukipita Makina, upande wa Kibera, asubuhi ya baridi mwezi wa Julai, simama umtazame fundi anyooshapo waya wa umeme. Waya hukaidi, aunyoosha, nao wajikunja tena. Saa saba mchana, waya ule ule ulioachwa juu ya bati hulegea mkononi. Shaba iliyo ndani ni ile ile. Kilichobadilika ni ngozi yake ya plastiki, ambayo hukakamaa kwa baridi na kulainika kwa joto.

Jambo hili liliwasumbua watu kabla Nairobi haijajengwa. Mwaka 1857 Waingereza na Wamarekani walitaka kuunganisha nchi zao kwa waya wa simu upitao chini ya Atlantiki. Shaba ilivikwa gutapacha, utomvu wa mti wa Malaya, ambao katika maji ya moto hufinyangwa kama udongo, na ukipoa huwa mgumu. Sehemu ya waya huo iliwekwa nje huko Greenwich, jua la kiangazi likaupiga. Gutapacha ikalainika, na shaba ikahama kutoka katikati. Mwaka 1858 waya ulitandazwa baharini, ukanena majuma matatu hivi, kisha ukanyamaza. Kosa halikuwa la jua peke yake, maana ulitiwa nguvu za umeme kupita kiasi. Lakini ngozi iliyo nyembamba upande mmoja ingestahimilije?

Mwaka 1865 meli Great Eastern ilichukua waya mpya ndani ya matangi ya maji. Hatimaye, mwaka 1879, waya wa namna hiyo ulifika Unguja kutoka Aden, ukaendelea hadi Durban. Na mwaka 1890 mwingine ukaunganisha Unguja na Mombasa. Gutapacha ikiachwa juani na hewani hukauka ikapasuka. Lakini kilindini hakuna jua, na baridi haibadiliki mwaka hata mwaka, huko ilidumu.

Waya wa Makina hauna kilindi cha kujificha. Ulaini wa plastiki hutokana na dawa ya mafuta iliyochanganywa nayo, na joto la bati huifukuza dawa hiyo kidogo kidogo. Miaka ikipita, ngozi hukauka. Ndipo asubuhi moja ya baridi mtu aukunjapo waya ule, ngozi hupasuka, shaba ikagusa bati, na ukuta mzima wa nyumba ukashika umeme, mahali ambapo mtoto huegemea akisubiri chai.