Mabunda ya Sarafu Yasiyofunguliwa

Kabla ya 1965, Mmarekani aliyeingia benki na noti ya dola 10 aliweza kutoka na bunda la nusu dola 20, zenye fedha asilimia 90. Sarafu zilipangwa zikagusana, zikaviringishiwa karatasi ngumu, na mashine ikakunja ncha zake kwa ndani. Kwenye kila ncha liliachwa tundu la mviringo, na humo ulionekana uso wa sarafu ya mwisho. Robo dola zilifungwa 40, za senti kumi 50. Karani alihesabu mabunda, si sarafu, na foleni ikasogea.

Wakusanyaji walikuwa na hesabu nyingine. Tangu miaka ya 1930 walikuwapo waliochukua mabunda mazima na kuyafungia kabatini, na kufikia miaka ya 1950 desturi hiyo ilikuwa imepamba moto: kiwanda kikitoa sarafu chache mwaka fulani, mwenye bunda lake alijiona ameshapata utajiri. Nusu dola ya 1955 yenye sura ya Benjamin Franklin ilitengenezwa 2,498,181 tu kwa ajili ya matumizi ya kawaida, chache kuliko za mwaka mwingine wowote wa aina hiyo. Habari zikaenea, watu wakazificha kwa mabunda. Matokeo yake ni kwamba hadi leo nusu dola hiyo, ikiwa mpya kabisa, hupatikana bila taabu. Senti tano ya 1950 ya kiwanda cha Denver, ambayo haina fedha hata chembe, ilivuma zaidi: bunda la thamani ya dola 2 lilipita dola 1,000 mwaka 1964, kisha bei ikaporomoka na kuwaacha wengi na hasara.

Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoondoa fedha katika senti kumi na robo dola, na kuipunguza katika nusu dola hadi asilimia 40. Sarafu za zamani zikaanza kutoweka madukani. Pigo kubwa lilikuja Januari 1980, wakia moja ya fedha ilipokaribia dola 50. Bunda la nusu dola lina zaidi ya wakia 7 za fedha, na mwenye tanuri hakuuliza mwaka wala hali ya sarafu. Mabunda mengi yaliyotunzwa kwa uangalifu yaliyeyushwa humo.

Uhaba huo ndio uliowapa walaghai nafasi. Karatasi kuukuu za benki huuzwa, na mashine za kukunja ncha pia zinapatikana. Anayetaka kudanganya huweka sarafu mbili nzuri kwenye ncha, katikati akajaza zilizochakaa.

Kwa hiyo mnunuzi makini huanza na mizani. Robo dola ya fedha ina gramu 6.25, na 40 hufika gramu 250 bila karatasi. Robo dola za baada ya 1965, za shaba na nikeli, ni gramu 5.67 kila moja, hivyo bunda zima halifiki 227. Karatasi haiwezi kuficha pengo hilo. Lakini mizani haisomi tarehe, wala haitofautishi vizuri sarafu mpya na iliyozunguka sokoni miaka 20. Hapo urefu husaidia: sarafu zilizosagika huwa nyembamba, na bunda lake huwa fupi kidogo. Kisha inatazamwa ncha. Salfa iliyomo katika karatasi na hewani hubadilisha rangi ya fedha taratibu, kwa hiyo sarafu iliyokaa miongo kadhaa tunduni mara nyingi huwa na pete ya rangi inayofuata ukingo wa tundu. Pete ikikaa upande, kuna mtu amelifungua bunda hilo.

Hata dalili zote zikiwa nzuri, muuzaji anayekataa lifunguliwe mbele ya mnunuzi anauza matumaini kwa bei ya fedha, na asilipwe zaidi ya thamani ya madini yake. Likifunguliwa, kila sarafu hupimwa peke yake. Mbili za ncha, zilizogeuka buluu, zambarau au rangi ya dhahabu, wakati mwingine hupata bei inayozidi ya kila moja ya zile nyeupe zilizokaa katikati.